Sarafu Iliyopungua Nusu Milimita

Saa nne na robo asubuhi, Inspekta Mwajabu Salumu alikuwa ameketi sebuleni kwa Mzee Talha, Temeke Mikoroshini, akimtazama mtu aliyemshuku tangu jana akijizuia kucheka.

Mzee Talha alikuwa ameishika ile sarafu kwa ncha za vidole viwili, kaielekeza dirishani. Mabega yalimtikisika kama ya mtu aliyesimuliwa kichekesho msibani.

"Hii ndiyo mliyoikuta kabatini kwa Thuwaini?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Na nyie mkaja moja kwa moja kwangu."

"Tumekuja kukuuliza tu. Binti yake anasema ulimwomba mara tatu akuuzie sarafu ile ya Kichina, na mara ya mwisho mlitupiana maneno."

"Mara nne," Mzee Talha alisahihisha. "Na maneno niliyotupa ni mengi kuliko aliyokwambia. Lakini sikiliza, mwanangu. Mie ningeiba, nisingeacha takataka hii mahali pake. Ningeona haya."

Mwajabu alitupa jicho kwenye saa ya ukutani. Jana saa nane mchana, Mzee Thuwaini, muuza duka mstaafu wa Boko, alifika kituoni akitetemeka kwa hasira na kusema sarafu yake imebadilishwa, iliyopo haina uzito wa ile, na aliyebadilisha ni Jabiri, fundi seremala, kwa sababu Jabiri ndiye aliyekuja kutengeneza droo ya kabati la sarafu siku ya Alhamisi. Jabiri alikamatwa saa kumi jioni, mbele ya mkewe na majirani waliotoka na mabakuli yao mikononi kutazama. Saa ishirini na nne za sheria zingekwisha leo saa kumi. Mkuu wa kituo alikwisha andaa jalada la kumfikisha mahakamani, na alichompa Mwajabu ni muda uliobaki, si zaidi.

"Takataka kwa nini?" aliuliza.

Mzee Talha akainuka, akaenda kwenye rafu. Ukuta mzima ulikuwa umepambwa kwa medali za kumbukumbu za ujenzi wa reli ya kwenda Zambia. Huko ndiko alikofanya kazi ujanani, na wahandisi wa Kichina ndio waliomfundisha kusoma maandishi yao, herufi mbili tatu kila jioni. Alirudi na trei ya sarafu za shaba zenye tundu la mraba katikati, akamwekea moja kiganjani.

"Pitisha ukucha ukingoni."

Mwajabu akapitisha. Ukingo ulikuwa na mikwaruzo myembamba, iliyolala upande mmoja.

"Hizi hela zetu zinapigwa na mashine. Wale walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Zikipoa, wanazitunga nyingi kwenye kijiti cha pembe nne na kuzisugua ukingo kwa tupa, zote kwa mpigo. Ndo maana tundu ni la mraba, zisizunguke. Haya, papasa hii uliyokuja nayo."

Ukingo ulikuwa laini kama sabuni.

Koplo Albano, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake, akasogea bila kujua kwamba amesogea.

"Sasa kovu," Mzee Talha akaendelea. "Sarafu ya Thuwaini aliifukua baba yake Kunduchi, akilima. Jembe liliikata hapa, karibu na tundu. Shaba ikikatwa na jembe inaacha makali, unayasikia kwa kidole. Tazama kovu la hii. Butu. Na kutu imelala ndani sawasawa na nje. Hili kovu halikukatwa, mwanangu. Limezaliwa pamoja na sarafu."

Mwajabu akalipapasa lile kovu. "Mtu ameichukua ile ya kweli, akaitoa kalibu."

"Kisha akamimina shaba. Na shaba ikipoa husinyaa. Mtoto huwa mdogo kuliko mama." Akatoa kipimo chake cha taya mbili, akaibana sarafu, akamgeuzia Mwajabu asome mwenyewe. "Ya Thuwaini niliipima wiki tatu zilizopita, kabla hatujagombana. Milimita ishirini na nne nukta tisa. Hii?"

"Ishirini na nne nukta nne."

"Nusu milimita imeliwa na moto."

"Kuitoa kalibu kunachukua muda gani?"

"Kubandika na kubandua, dakika kumi. Lakini kuisubu, kumimina shaba yenyewe, ni kazi. Kuna moto, kuna tupa, kuna siki na chumvi ya kuizeesha. Anayejua atatumia siku mbili, tatu."

Mwajabu akasimama. Ilikuwa kama mtu kamfungulia dirisha. "Basi aliingia chumba kile mara mbili. Mara ya kwanza akaichukulia sarafu alama, akairudisha mahali pake. Mara ya pili akaja na hii, akaondoka na ile."

"Jabiri ameingia mara moja tu," alisema Albano, akipekua daftari. "Alhamisi. Robo tatu ya saa. Mzee Thuwaini mwenyewe katwambia, na binti yake pia."

"Sarafu yenyewe ni ya bei hivyo, mzee?" Mwajabu aliuliza.

"Huko China zipo kwa ndoo," Mzee Talha alisema. "Ya zama za mfalme Yongle, karne ya kumi na tano, kila mkusanyaji anayo. Hii inatakwa kwa sababu ya udongo ilikotoka. Sarafu ya Kichina iliyofukuliwa pwani yetu, ina kovu la jembe la Kunduchi, na mwezi jana gazeti likaipiga picha kwa kuwa watu wa makumbusho wanataka kuionyesha. Bila kovu lile haina hadithi. Ndo maana mwizi wako akahangaika mpaka kovu akaliiga." Alisita, akafuta miwani yake kwa kanzu. "Ukiipata, nipigie simu. Thuwaini hatanipigia."

*

Walifika Boko saa saba kasoro dakika kumi. Mzee Thuwaini aliwapokea kwenye chumba chake cha sarafu, chenye madirisha mawili makubwa na kabati la mninga lenye droo kumi na nne. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Yumna, binti yake, alileta chai ya tangawizi na visheti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amekiri?"

"Hajakiri, na sidhani kama ana cha kukiri." Mwajabu akamweleza habari ya kovu, ukingo na nusu milimita. Mzee Thuwaini alisikiliza huku akitafuna kisheti taratibu sana, kwa upande mmoja. Lilipotajwa jina la Talha akakunja uso, lakini iliposomwa namba ya kipimo akafungua daftari lake mwenyewe, akaangalia, akalifunga.

"Talha hapimi vibaya," alikubali kwa shingo upande. "Lakini hakuna mwingine. Tangu Talha aondoke, chumba hiki kaingia Jabiri peke yake."

"Na dada Yumna?"

"Mie hata funguo sina," Yumna alisema. "Baba anaivaa shingoni. Akiwa humu ndani anaichomeka kwenye kabati, akitoka anaitoa."

"Siku zote anaitoa?"

Yumna akamtazama baba yake. Baba yake akatazama chai.

"Naomba kuiona droo," alisema Mwajabu.

Ilikuwa droo ya tano. Kila sarafu ilikuwa na shimo lake la duara kwenye kitambaa cheusi cha mahameli, na shimo la sarafu iliyoibiwa lilikuwa tupu. Mwajabu akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaishusha mpaka mwanga ukalala sambamba na kitambaa. Kwenye manyoya ya mahameli, ndani ya shimo, palikuwa na chembe ya kitu cha waridi, ndogo kuliko punje ya mtama. Akaichukua kwa kibano na kuiweka juu ya karatasi nyeupe.

Albano akainama. "Bazoka," alisema. "Mtu katafuna bazoka humu."

"Bazoka inanata. Hii inavunjika." Mwajabu akaisogeza puani. Harufu ilikuwa hafifu, lakini ilikuwapo: mnanaa. Akabaki amepiga magoti pale pale. Aliijua harufu ile. Miaka miwili nyuma alikaa nayo asubuhi nzima, kwenye kliniki ya meno Mbagala, akimsubiri mama yake aliyekuwa ameachama kinywa amejazwa uji mzito wa waridi, akiapa kwa mikono kwamba hatarudi tena.

Aliinua kichwa. Mzee Thuwaini alikuwa akikitafuna kisheti cha pili, upande mmoja, kwa tahadhari.

"Mzee, samahani kwa swali hili. Meno hayo ni mapya?"

"Ya juu. Wiki iliyopita. Bado yananiuma huku kulia."

"Nani kakutengenezea?"

"Muntasir. Kijana ana karakana ya meno ya bandia Kinondoni. Kijana safi, familia yake tunaifahamu."

"Ulimfuata Kinondoni?"

"Aa, miguu yangu hii? Alikuja yeye. Mara ya kwanza kuchukua alama ya kinywa, mara ya pili kuyaleta."

Kalamu ya Albano ilikuwa imesimama katikati ya neno.

"Alikupimia chumba gani?"

"Humu. Kuna mwanga." Mzee Thuwaini akaiweka chai chini. Sauti yake ilianza kwenda polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Nikamwonyesha sarafu. Alikuwa ameiona gazetini. Halafu akanijaza kinywani ule uji wa kuchukulia alama, ukakauka, akautoa, akaniambia nikasukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka ladha iishe. Nikaenda jikoni. Dakika kumi, robo saa. Na alipoleta meno pia, alinituma nikajitazame kwenye kioo cha chumbani, nizoee."

"Nilikuuliza jana nani kaingia chumba hiki. Mbona hukumtaja?"

"Yule alikuja kwa ajili ya meno," Mzee Thuwaini alisema. "Hakuja kwa ajili ya sarafu."

Mwajabu alikuwa amekwisha fika mlangoni. Fundi wa meno. Mwenye uji wa kuchukulia alama, mwenye tanuri ya kuyeyushia madini ya meno, mwenye tupa ndogo za kila namna. Vifaa vyote vya kughushi sarafu alikuwa navyo kihalali, na uji wenyewe akauleta mkobani, akakaribishwa kwa visheti.

Simu ya Muntasir ilikuwa imezimwa. Mwajabu akampigia askari mwenzake wa Kinondoni, akamwelekeza karakana, akakaa ndani ya gari akihesabu magari yanayopita barabarani mpaka simu ilipoita tena. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano.

"Pamefungwa, afande. Msusi wa duka la jirani anasema kaondoka na bodaboda, ana boksi. Amemwambia anakwenda Mbezi Luis, kuna basi la Tunduma la saa nane na nusu."

Albano akatia gia kabla hajaambiwa. "Nipite Wazo, Madale, Goba?"

"Pita popote pasipo na foleni."

Albano alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, na kwa kawaida aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Siku ile aliyasahau mayai. Wakakata kona ya Wazo nyuma ya malori ya saruji, vumbi jeupe likafunika kioo chote, akawasha waipa na kuendelea. Madale wakakuta mkandarasi kafunga upande mmoja wa barabara. Albano akapanda ukingoni, akateremka upande wa pili, akaomba radhi kwa mama muuza mihogo kupitia dirishani bila kupunguza mwendo. Mwajabu alishikilia mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akapiga simu kituo cha mabasi. Iliita, haikupokewa. Alijiona anatabasamu peke yake. Kwa miaka tisa ya kazi, hakuna kitu alichokipenda kama saa hii, ambapo jina limekwisha patikana na mtu mwenyewe bado.

*

Basi la Tunduma lilikuwa linanguruma, milango ya mizigo imefungwa. Mwajabu akapanda, akamwonyesha dereva kitambulisho, akamwomba azime. Muntasir alikuwa kiti cha kumi na nane, dirishani: kijana wa miaka thelathini na kitu, shati safi, boksi la karatasi juu ya mapaja. Hakustuka. Alichukua boksi lake na kushuka nao kwa adabu.

Wakampekua kwenye ofisi ya wakata tiketi. Mifukoni palikuwa na simu, tiketi na leso. Mkoba ulikuwa na nguo na msahafu mdogo. Soli za viatu, mkanda, kola ya shati, hakuna kitu. Ndani ya boksi, vikiwa vimefungwa magazeti, vilikuwamo vinywa sita vya mfano, vya plasta nyeupe, kila kimoja na safu yake ya meno, na jina la mteja limeandikwa chini kwa penseli.

"Wateja wangu wa Tunduma," alisema Muntasir. "Kule hakuna fundi. Wananisubiri, dada yangu, na basi linaondoka."

Nje honi ikalia. Kondakta akachungulia, akatazama saa yake, akaondoka akisonya.

"Ulikwenda Boko kwa Mzee Thuwaini?"

"Nilikwenda. Nimemtengenezea meno. Kuna kosa?"

"Ulitoa kalibu ngapi siku ile?"

"Moja. Ana kinywa kimoja."

Albano alimtazama Mwajabu. Mwajabu alijua maana ya macho yale: saa nane na dakika ishirini na nane, na mikono mitupu. Akavipanga vile vinywa mezani na kuviokota kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kikavu, chepesi, kama chaki. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne. Cha tano kilimpa baridi kiganjani. Akakiweka chini, akakichukua tena. Kilikuwa kizito, na gazeti lililokifunga lilikuwa limelowa.

"Hivi ulivimimina lini?"

"Wiki iliyopita. Vyote."

"Na hiki cha Bi Zena?" Alisoma jina lililoandikwa chini yake.

"Vyote kwa pamoja."

"Mbona hiki hakijakauka?"

Kwa mara ya kwanza Muntasir alichelewa kujibu. "Plasta ina tabia zake. Inategemea na maji."

"Koplo, niletee spana ya tairi."

"Dada," alisema Muntasir, na sauti ilikuwa imepanda nusu ngazi, "hicho ni kinywa cha mtu. Ana miaka themanini, kasubiri miezi miwili. Ukikivunja nitakushitaki mie mwenyewe."

Huenda alikuwa anasema kweli. Akilini Mwajabu alimwona huyo Bi Zena, kibogoyo, akisubiri kwenye kituo cha mabasi kule mpakani. Akamwona Jabiri pia. Akaipokea spana, akakilaza kinywa ubavu, akapiga mara moja.

Kilipasuka vipande viwili, kama nazi. Katikati ya plasta palikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri. Akakikunjua. Sarafu ikadondoka mezani na kutoa mlio mwembamba, mrefu, uliowanyamazisha wote watatu mpaka ulipokwisha.

Mwajabu akapitisha ukucha ukingoni. Mikwaruzo ilikuwapo, imelala upande mmoja. Karibu na tundu, kidole chake kikanasa kwenye makali ya kovu.

"Mie sikuitafuta," Muntasir alisema, akitazama vipande vya plasta. "Mtu aliiona gazetini, akaulizia nani anaingia nyumba ile. Akanipigia. Mzee mwenyewe akanifungulia kabati, akaniambia hadithi yote, mpaka siku na mwaka. Hakuna aliyewahi kunionyesha kitu kama kile. Nikaishika." Akaokota kipande cha plasta. "Nilijua Jabiri kakamatwa. Jana usiku nilijua."

"Na leo ukakata tiketi," alisema Albano, akitoa pingu.

Mwajabu alikuwa kwenye simu na mkuu wa kituo. "Lile jalada, afande. Lisiende popote. Ninayo mkononi."

*

Jabiri alitolewa mahabusu saa kumi kasoro robo. Alisimama kaunta akirudishiwa mkanda, simu na kamba za viatu, akavitia sahihi kimoja kimoja. Mzee Thuwaini alikuwa ameletwa na Yumna. Alisimama karibu na mlango, amejiegemeza kwenye fimbo yake, na kanzu ilikuwa imekunjamana.

Jabiri akageuka, akamwona.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Mzee Thuwaini alifungua kinywa. Marahaba haikutoka. Alijaribu tena, akaishia kutikisa kichwa.

"Naweza kuiona?" Jabiri akamwuliza Mwajabu.

Ilikuwa kielelezo tayari, ndani ya bahasha yenye namba, lakini Mwajabu akaimimina kwenye kiganja cha yule fundi. Jabiri aliigeuza, akachungulia kwenye tundu la mraba kama anayekagua kama ubao umenyooka.

"Nilidhani kubwa," alisema. Akamrudishia Mwajabu, akainama kufunga kamba za viatu.

"Nikupeleke nyumbani, mwanangu," alisema Mzee Thuwaini. "Gari ipo."

"Nina miguu, mzee." Hakusema kwa ukali. Akapita mlangoni, akashuka ngazi.

Yumna akaanza kutafuta funguo za gari mkobani. Baba yake akamshika mkono, akamwambia aache.

"Walimwona akitolewa kwa pingu, mtaa mzima," alisema. "Mkewe aliniuliza mie, mbele yao, una hakika? Nikamjibu nina hakika. Lazima wanisikie tena, na wanione nimefika kwa miguu."

Akakusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akashuka ngazi moja moja. Jabiri alikuwa mbele hatua thelathini. Alisikia fimbo ikigonga lami nyuma yake, akageuka kutazama, kisha akaendelea kutembea. Ila akapunguza mwendo.

Mwajabu alibaki dirishani mpaka walipopotea kona ya pili. Bahasha ilikuwa bado mkononi mwake. Mzee Thuwaini hakuiulizia.